Mrejesho: Gharama ya chakula cha ng'ombe imeshuka

Wakuu, shukrani. Niliuliza hapa nifanyeje kupunguza gharama ya kulisha ng'ombe wa maziwa, maana chakula cha kununua kilikuwa kinameza karibu mauzo yote ya maziwa.

Kilicholipa haraka ni maji, na hayo hata sikuyauliza! Ng'ombe anataka lita 3 hadi 5 kwa kila lita ya maziwa anayotoa. Badala ya kunywesha asubuhi na jioni, sasa pipa liko bandani, limejaa usiku kucha. Maziwa yakapanda bila kuongeza hata kilo ya pumba.

Majani ya tembo nayakata yakifika kama mita 1, kabla shina halijakomaa, nayakatakata vipande vifupi. Zamani mabua yalibaki horini. Siku hizi analamba mbao.

Mpakani nimepanda kaliandra na lukina, miti ambayo majani yake ni chakula cha mifugo. Kilo 3 za kaliandra mbichi hushika nafasi ya takriban kilo 1 ya chakula cha kununua. Lukina isizidi theluthi ya lishe, ina sumu yake.

Mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) sijaacha kabisa: anayetoa maziwa mengi anapata zaidi, anayekaribia kukaushwa, yaani kuachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, kidogo tu. Sileji (malisho ya kijani yaliyovundikwa) bado, nasubiri mahindi yafike hatua ya punje laini.