Mlioishi India: haya ya matabaka bado yapo mijini, au ni hadithi za vijijini?

Kipanga wa Pune

Wakuu, habari zenu. Nasoma Pune, jimbo la Maharashtra. Kabla sijaja niliambiwa mambo ya matabaka, yaani mtu kuhesabiwa wa juu au wa chini kwa ukoo aliozaliwa, yalishakufa, katiba yao imeyapiga marufuku. Hata darasani nikiuliza, wenzangu wanacheka: "Hayo ya bibi zetu."

Sasa nyumba niliyopanga chumba, mama wa usafi ana kikombe chake cha bati, kinakaa dirishani peke yake. Akipewa chai, mama mwenye nyumba anaimimina kutoka juu, hakigusi. Mpishi naye ni mwajiriwa tu, lakini anakunywa kwenye vikombe hivi hivi tunavyotumia sisi. Kingine, dalali swali lake la kwanza lilikuwa kama nakula nyama. Rafiki yangu Mhindi tuliyekuwa naye akaulizwa jina la ukoo, akataja jina la baba yake. Akaulizwa tena, akarudia lile lile.

Je, haya ndiyo matabaka, au ni mwenye nacho na asiye nacho kama popote? Msinitumie vitu vya kusoma, nataka mtu aliyeishi.

Chapakazi

Mkuu, usijichoshe, hapo ni hela tu. Mwenye nazo anakaa anapotaka. India ilipata rais Mdalit, yaani wa tabaka la chini kabisa waliloliita najisi, K. R. Narayanan, tangu 1997, na 2017 akaja Ram Nath Kovind. Mayawati, mwanamke na Mdalit, amekuwa waziri kiongozi wa Uttar Pradesh mara nne. Matabaka yangekuwa na nguvu hiyo wangefikaje huko? Wanaoyafufua ni wanasiasa, kura zikikaribia.

Shangazi Mwajuma

Kipanga mwanangu, mimi nimeolewa hapo hapo Pune na wanangu nimewalea hapo, kwa hiyo nitakwambia ya ndani.

Nianze na kaka Chapakazi. Ingekuwa hela tu, gerezani kusingekuwa na tofauti, maana mle hakuna tajiri. Lakini Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ya India ilibidi ifute kanuni za magereza za majimbo kadhaa zilizokuwa zinagawa kazi kwa tabaka: wa juu jikoni, wa chini ufagio na vyoo. 2024, kaka! Sasa Kipanga, msome tena mpishi wako na mama wa usafi. Pengine mshahara wao haupishani sana. Kinachopishana ni mkono wa nani unaruhusiwa kugusa chakula.

Ukoo wa mume wangu walikuwa Wamahar, moja ya jamii za Wadalit. Babu yake alikuwepo Nagpur tarehe 14 Oktoba 1956, Ambedkar, kiongozi mkuu wa Wadalit, alipoacha Uhindu akawa Mbudha, na umati mkubwa ukamfuata, babu akiwemo. Ni Ambedkar huyo huyo aliyeongoza kamati ya kuandika rasimu ya katiba, yenye ibara ya 17 inayokataza mtu kutengwa kama najisi. Desemba mwaka huo huo akafariki. Baba mkwe alipokua akaomba kazi ya reli, na kumbe Wabudha serikali kuu ilikuwa haiwahesabu kwenye nafasi zilizotengwa kwa Wadalit. Waliongezwa 1990. Yeye aliingia kwa mlango wa watu wote, lakini mpaka anastaafu wenzake walikuwa wanamwambia kapewa kazi ya bure. Hilo ndilo lililomuuma, kuliko hata kazi yenyewe ya usiku.

Mume wangu ni injinia. Kuna fleti tulishaafikiana bei kwa simu, mwenyewe akaja nyumbani kuchukua amana. Pale sebuleni tuna picha ya Ambedkar, suti ya buluu, kitabu mkononi. Akaiangalia, akaniangalia, chai hakuimaliza. Kesho yake fleti "imeshapata mtu". Na mimi Mswahili mweusi alikuwa ameshanikubali!

Swali la nyama mara nyingi ni namna ya adabu ya kuuliza tabaka, maana wengi wa matabaka ya juu hawali nyama, na Waislamu nalo linawakata vile vile. Jina la ukoo ni hivyo hivyo, linataja tabaka lako. Kule Tamil Nadu wengi walishaliacha kabisa, wanatumia herufi ya jina la baba.

Marais ni kweli, Chapakazi. Lakini nunua gazeti la Jumapili uone kurasa za wachumba zilivyogawanywa kwa tabaka. Utafiti mkubwa wa kaya wa 2011-12 ulikuta ndoa zilizovuka tabaka ni kama asilimia 5. Na wanaofia kwenye chemba za majitaka ni wa ukoo gani? Sheria ya 2013 inakataza kumshusha mtu chemba bila vifaa vya kumkinga. Bado wanashushwa, mpaka mahakama Oktoba 2023 ikapandisha fidia ya anayekufa humo kuwa rupia laki 30.

Chapakazi

Sawa shangazi, hilo la gereza sikulijua. Lakini nafasi za upendeleo nazo zinaumiza. Brahmin maskini, wa tabaka la juu kabisa, afanyeje? Alama anazo, nafasi hana.

Shangazi Mwajuma

Tangu 2019 ametengewa asilimia 10 ya nafasi, kaka. Ni ya maskini wa matabaka yasiyo kwenye mgawo ule mwingine, na kipato cha familia kisifike rupia laki 8 kwa mwaka. Mahakama ya Juu iliithibitisha Novemba 2022. Mdalit maskini haingii humo, anaambiwa ana asilimia 15 yake. Na yote hayo ni serikalini na vyuoni. Kampuni binafsi, ambako ndiko ajira nzuri za Pune ziliko, sheria haizilazimishi kutenga hata kiti kimoja kwa Mdalit.

Kipanga wa Pune

Shangazi, nimeelewa. Sasa mama mwenye nyumba nimwambie kitu au nikae kimya?

Shangazi Mwajuma

Usimwambie wewe. Atakayepoteza kazi ni yule mama wa usafi. Muulize yeye kwanza, kwa faragha, anataka nini. Ukitaka kujua zaidi, tarehe 1 Januari nenda Koregaon Bhima, si mbali na mjini. Wadalit wanakusanyika pale kwenye mnara wa vita vya 1818, ambako askari Wamahar walikuwa upande wa Waingereza dhidi ya jeshi la Peshwa, mtawala Brahmin wa Pune. Nenda alfajiri, barabara hufungwa. Na polisi watakuwa wengi, kwa sababu 2018 palitokea vurugu, kwa hiyo beba pasipoti.