Tupeane uzoefu: mwaka wa kwanza wa sanaa chuoni, mlizoeaje?

Wakuu, mdogo wangu wa kike amepata nafasi Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kusoma sanaa za ufundi, na tangu majina yatoke nyumbani ni vikao tu. Mjomba anauliza kwa nini asisome ualimu. Mama amenyamaza. Mimi nilisoma uhasibu, sina la kumshauri kuhusu brashi wala udongo, ndiyo maana nimewaletea ninyi. Mliopita huko, iwe Dar, Nairobi au Kampala, mwaka wa kwanza ulikuwaje? Msimfiche kitu, anasoma mwenyewe hapa.

Mchoraji wa Masasi

Hongera zake kwanza kabisa.

Mimi nimemaliza Mlimani. Kuchora sikukuta kugumu kama muda. Wenzako wa sheria wakitoka darasani wanarudi holi (bwenini) na madesa (notisi) yao, wewe ndiyo kwanza kazi inaanza. Zoezi la kuchora kiti kilichotupiwa shuka linakula mchana mzima, na DS, lile somo la maendeleo, inakungoja vilevile kama mwanafunzi mwingine yeyote. Apange wiki yake kwa kuanza na kazi za mikono, kusoma kufuatie. Desa unaweza kulisoma usiku kitandani. Rangi ya mafuta haikauki kwa sababu kesho ni siku ya kukusanya.

Halafu ajiandae na siku ya kukosoana. Kazi zote zinabandikwa ukutani, kila mtu anaangalia ya kila mtu. Mwalimu wetu alikuwa na swali lake: mwanga unatoka wapi? Usipomwonyesha kwa kidole, anahamia kwa jirani yako bila neno. Wiki za mwanzo tulikuwa tunatoka pale kimya, na walioumia zaidi ni waliokuwa wanasifiwa tangu shule ya msingi. Mimi nilikuwa naingia na daftari dogo, naandika kila ninachoambiwa bila kujibu. Jioni nikishakula, nimetulia, nayasoma tena kazi ikiwa mbele yangu. Neno lililokuuma mchana ukilisoma jioni unakuta lilihusu kivuli cha mguu mmoja wa kiti. Unafuta, unachora upya, unaendelea na maisha.

Mhaya wa Kampala

Naanza na mjomba. Mwambie Sam Ntiro, mtoto wa Machame, alisoma sanaa Makerere, akafundisha hapo, akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London, na tulipopata uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Elias Jengo naye kasoma Makerere, akaja kuwa profesa Mlimani na kufundisha vizazi na vizazi. Mjomba akitaka majina zaidi anipigie mimi.

Mimi nimesoma pale pale Makerere, shule ya Margaret Trowell, mama aliyeanza kufundisha sanaa barazani kwake miaka ya 1930. Kutoka Bukoba si mbali, ila upweke nilioukuta sikuutegemea. Wenzangu walikuwa wanataniana Kiluganda, mimi nacheka nikichelewa. Kilichoniokoa ni lubugo, kile kitambaa cha gome la mutuba. Tulipewa kazi ya kukitumia, na mimi nyumbani nilikikuta kwa bibi. Nikajikuta naulizwa maswali, naelekeza mwenzangu namna ya kukilowesha na kukivuta taratibu kisichanike, mpaka tukawa tunakwenda Wandegeya, jirani na chuo, kula rolex (chapati ya mayai) pamoja. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi ambaye kazi zake zimezunguka dunia, anapaka rangi juu ya kitambaa hicho hicho. Kwa hiyo mdogo wangu, kitu cha kwenu usikiache kijijini. Kama ni ukili, kama ni kanga za bibi, kama ni udongo wa mto wenu, njoo nacho chuoni.

Komredi wa Wendani

Salamu kutoka Kenya. Nilikaa Kahawa Wendani, mtaa ulio karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta, chumba kimoja na wenzangu wawili wa uhandisi, na harufu ya tapentaini nusura itufukuzishe. Kazi za rangi zifanyiwe studio, chumbani alale tu. Na asipande matatu jioni akiwa na mchoro mbichi, hiyo ni hasara tupu.

Pesa za mkopo zilipochelewa nilichora watu sura zao kwa mkaa, wengi walikuwa wanataka zawadi ya mpenzi au ya mama. Nilikula, na mkono ukakomaa kuliko darasani. Siku za mapumziko nilikuwa naenda Nairobi Gallery kutazama vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais wetu. Kutazama kazi ya kweli kwa karibu, uone hata brashi ilipopita, simu haiwezi kukupa hilo.

(mleta mada)

Asanteni sana. Mama amesomewa habari ya Ntiro mara mbili. Sasa gharama, turubai zinauzwa bei ya kutisha!

Mchoraji wa Masasi

Asinunue. Siku boom (hela ya mkopo) likiingia aende Kariakoo, achukue amerikani nzito (kitambaa cha pamba) ya mita, mbao nyembamba na misumari. Fundi seremala amuungie fremu. Kitambaa akivute kuanzia katikati ya kila upande, msumari huku, msumari ng'ambo, ndipo aelekee kwenye pembe. Akianzia pembeni kitajikunja katikati na hakitanyooka tena. Kisha rangi nyeupe ya ukuta achanganye na gundi ya mbao, apake, akaushe, apige msasa laini, arudie. Tuwe wakweli, haitadumu kama ya dukani, lakini kwa mazoezi inatosha kabisa, na ile hela inabaki kwenye rangi.

Dada wa Karakana

Dada yangu, nami naongea na wewe moja kwa moja. Kwenye uchongaji mnaweza kuwa wasichana wawili au uko peke yako. Utaambiwa "acha nikubebee", "acha nikukatie". Shukuru, kisha kata mwenyewe. Vaa suruali nzito na viatu vya kufunika, nywele zifunge.

Fundi wa karakana msalimie kila siku, jina lake ulijue. Yeye ndiye aliyenionyesha kukanda udongo mpaka hewa itoke na kukiacha chungu kikauke pole pole kivulini, maana kikiingia tanurini na unyevu kinapasuka na kuvunja vya wenzako. Na kina mama wa mwaka wa tatu uwakalie karibu. Mimi rafiki zangu wote wa leo niliwapata pale karakana saa za jioni, hosteli sikupata hata mmoja.

(mleta mada)

Anauliza kompyuta mpakato anunue kabla ya kwenda?

Mchoraji wa Masasi

Kama hela ni ya kitu kimoja, isubiri. Ripoti atachapia maktaba. Anunue penseli 2B, 4B na 6B, mkaa, ubao wa kuchorea wenye vibanio na shati kuukuu la kazi. Vingine angoje orodha ya idara. Jumamosi apande daladala aende Mwenge kwenye vinyago, aombe kukaa na mafundi wa mpingo na kuchora mikono yao wakiwa kazini. Wanakubali, ila asiende mikono mitupu, hata chai awanunulie.