Ndege ndogo na nyumba ya bati karibu na uwanja, Dodoma: nianze na dari au madirisha?

MkaziDodoma
Wakuu, habari za leo. Nyumba iko mashariki mwa uwanja wa ndege hapa mjini. Bati geji 30, dari ya jipsamu milimita 9, madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, na juu ya kila dirisha kuna matundu ya upepo. Cessna zikiruka saa 1 asubuhi bati linalia trrrr na mtoto anaamka. Fundi anashauri trei za mayai ukutani na mapazia mazito. Hela haitoshi kufanya yote. Nianzie wapi?

FundiDari
Trei achana nazo mkuu. Zinapunguza mwangwi wa ndani tu, tena zinashika moto haraka. Sauti ya nje inazuiwa na uzito na kuziba. Propela ya pala mbili ikizunguka mara 2,400 kwa dakika inapiga hewa mara 80 kwa sekunde, na mvumo mzito kama huo unapita kwenye pazia kana kwamba halipo.

Anza na matundu. Ukuta wa mita 10 za mraba ukiwa na uwazi wa jumla wa sentimita 30 kwa 30 hautapunguza sauti zaidi ya desibeli 20 hivi, hata ungekuwa wa zege nene. Ila usizibe moja kwa moja, joto la Dodoma unalijua. Tengeneza sanduku la plaiwudi juu ya tundu, ndani bandika sponji, hewa ipinde kona mbili kabla ya kuingia.

Trrrr ni misumari iliyolegea. Ing'oe, piga skrubu zenye raba kwenye mgongo wa wimbi la bati. Ukikaza mpaka raba itokeze pembeni, jua litaipasua na mvua itaingia.

Dari iwe ya mwisho: pamba ya kioo milimita 50 hadi 100 juu ya dari (vaa glavu na barakoa), kisha jipsamu ya pili ya milimita 12, maungio yasikutane na ya kwanza. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 kinaongezewa karibu kilo 90, kwa hiyo kagua mbao kwanza. Zilizopigiliwa kwa kubahatisha zitashuka na kila kitu.

Mbawa_Juu
Kuhusu kwa nini kelele ni kubwa upande wako: upepo wa hapa kwa kawaida unatoka mashariki, na ndege hupaa ikiukabili upepo. Walio magharibi wanapata zinazotua, injini imeshapunguzwa; ninyi mnapata nguvu yote. Halafu Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya bahari. Nyuzi joto zikifika 30, hewa inakuwa nyepesi kama ya mita 1,900, injini inachoka, ndege inapanda polepole na kupita chini zaidi juu ya paa. Umbali ukipungua kwa nusu, sauti inaongezeka desibeli 6 hivi.

Kanuni ya kutoruka chini ya futi 1,000 juu ya makazi haihusu kupaa wala kutua, usijenge malalamiko yako hapo. Ndege inayozunguka chini bila kutua ndiyo ya kuripoti. Andika saa, mwelekeo na namba ya ubavuni inayoanza na 5H, peleka kwa meneja wa uwanja na TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga).

MkaziDodoma
Asanteni sana. Simu inanionyesha desibeli 78, WHO wanasema 45. Hiyo inatosha kama ushahidi?

Mbawa_Juu
Hapana, usichanganye. 45 ya WHO ya mwaka 2018 ni wastani wa saa 24, jioni na usiku zikiongezewa uzito, na iliandikwa kwa ajili ya Ulaya. 78 yako ni kilele cha sekunde chache. Pima nje, simu iwe mita 1.5 kutoka ardhini na angalau mita 3.5 kutoka ukutani, kipimo kiwe A (dBA, kinachofuata usikivu wa sikio), kwa wiki nzima. Simu bila kusawazishwa na mashine halisi ya kupimia sauti inafaa kulinganisha kabla na baada ya ukarabati, basi.

Kiwanja_Msalato
Wanaokimbilia viwanja vya kujenga Msalato nao waangalie. Njia ya kurukia ya uwanja mpya wa ndege kule ni mita 3,600. Chukua ramani, nyoosha mstari wa njia hiyo pande zote mbili, uone kiwanja chako kinaangukia wapi kabla ya kulipa.

FundiDari
Mkuu, nilisahau madirisha. Ya kusukuma yana brashi kwenye reli, na zikiisha unaona mwanga pembeni. Badilisha brashi, pitisha silikoni kati ya fremu na plasta. Hiyo fanya wiki hii, ni kazi ya siku moja.