Kina mama hawaingii kituo chetu cha kompyuta, nifanyeje?

MamaMihogo: Assalaam aleikum wanajamvi. Niko Mwakirunge, huku ndani ya Kisauni, Mombasa, na ni katibu wa chama chetu cha akina mama. Tuliwekewa chumba cha kompyuta, mashine sita, intaneti ipo. Nikafurahi: hatutapanda matatu tena hadi mjini kisa cheti cha kuzaliwa au PIN ya KRA, ile namba ya mlipa kodi. Lakini kila nikichungulia ni vijana wa kiume tu. Juzi nilimleta mama mmoja muuza mihogo, mtoto mgongoni. Kipanya alikishika kwa ncha za vidole, kama kitamuunguza. Mtoto akalia, msimamizi akasema watoto hawaruhusiwi. Mama akafunga leso yake akaondoka. Hajarudi. Nishaurini.

BiLikoni: Pole dada. Kwanza tazama saa. Asubuhi mama yuko shambani au anateka maji, jioni yuko jikoni. Ombeni alasiri mbili kwa wiki ziwe za kina mama pekee, mwalimu awe mwanamke, afunze kwa Kiswahili na Kigiriama. Tandikeni mkeka watoto wacheze.

MzeeBamburi: Mwanangu, usianze na kompyuta. Anza na simu. M-Pesa wameizoea tangu 2007. Kisha muulize kila mmoja shida yake. Mwenye mtoto asiye na cheti, mfungulie eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, aanze ombi siku hiyo hiyo, kwa vidole vyake. Huyo ndiye atakayewaita wenzake kisimani.

Kijukuu_KSN: Hilo la vidole vyake msilipuuze, tafadhalini. Mamangu alifunguliwa akaunti ya eCitizen kwenye saiba fulani kwa namba ya simu ya mhudumu. Alipotaka kuingia tena, ujumbe wa kuthibitisha ukawa unaenda kwa mtu asiyemjua. Na wengi huitaja namba ya siri ya M-Pesa kwa sauti, foleni nzima ikisikia! Somo la kwanza liwe hilo, kabla ya kuwasha mashine. Mkishazoea, angalieni AGPO, mpango wa serikali wa kugawa zabuni: asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa biashara za wanawake, vijana na wenye ulemavu, na usajili ni wa mtandaoni.

MamaMihogo: Ahsanteni sana, nimeyaandika yote daftarini. Kesho namuona msimamizi kuhusu alasiri. Mkeka natoa wangu. Nimepita kwa yule mama jioni hii. Kumbe mwanawe hana cheti. Amesema atakuja na simu yake.