Mikanda ya wampamu ya watu wa Iroquois: hutengenezwaje, na uhalisi wake hutambuliwaje?

MshonaShanga_Majengo
Habari za leo wakuu. Ninashona shanga hapa Majengo, Dodoma, hasa kwa vikundi vya ngoma za Kigogo. Mteja ameniletea picha ya mkanda wa wampamu wa watu wa Iroquois wa Amerika ya Kaskazini, akitaka nimshonee unaofanana nao. Ningependa kujua shanga zake ni za nini, michoro yake ina maana gani, na mkanda wa kale hutambuliwaje. Nimesikia pia kwamba ilikuwa fedha.

Mwl_Historia_Kondoa
Ndugu yangu, shanga hizo ni za magamba ya viumbe wa pwani ya Atlantiki: nyeupe hutoka kwa konokono wa baharini, na za zambarau hukatwa kwenye sehemu yenye rangi hiyo ya kombe aitwaye quahog. Kila ushanga una urefu wa takriban milimita 6, nao ulitobolewa kutoka ncha zote mbili hadi matundu yakutane katikati. Kazi hiyo ilirahisika karne ya 17, keke za chuma zilipofika. Waliozitengeneza hasa ni watu wa pwani kama Wanarragansett, ilhali watu wa Iroquois, walioishi bara, walizipata na kuzifuma. Mtande, yaani nyuzi za urefu, ulikuwa wa ngozi au nyuzi za mimea, na mshindio, yaani uzi wa kukatiza, ulipita ndani ya kila ushanga mara mbili, juu na chini ya mtande.

Kuhusu fedha, walowezi wa Massachusetts ndio walioikubali kisheria kuanzia 1637 hadi 1661. Misafara iliyopita Ugogo ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa nguo na shanga, na hapo shanga zilikuwa malipo kweli. Kwa Iroquois mkanda ulibeba neno lililosemwa barazani. Mkanda mmoja maarufu, uitwao wa Hiawatha, una mti katikati, yaani Waonondaga, mojawapo ya mataifa matano ya Iroquois, na miraba minne ya mataifa wenzao, yote yakiwa yameunganishwa kwa mstari.

Mzee_wa_Chamwino
Niongeze kuhusu uhalisi. Ushanga wa kale hauthibitishi mkanda wa kale, kwa kuwa mikanda ilifumuliwa na shanga zikatumika tena, na baadaye familia ya Campbell huko New Jersey ilizitengeneza kiwandani. Kwa maoni yangu, swali zito ni mkanda umepitia mikono ya nani. Katika miaka ya 1890 John Boyd Thacher, aliyepata kuwa meya wa Albany, alinunua mikanda minne, ukiwemo huo wa Hiawatha. Waonondaga walishtaki wakidai kwamba ni mali ya baraza, isiyoweza kuuzwa na mtu mmoja, wakashindwa mahakamani. Waliirudishiwa mwaka 1989, pamoja na mingine, na jumba la makumbusho la jimbo la New York. Mshonee mteja wako kwa shanga za kioo, lakini weka jina lako na mwaka upande wa nyuma, asije mtu akauuza kama wa kale.

MshonaShanga_Majengo
Ahsanteni sana, mwalimu na mzee wangu. Jina na mwaka nitaviweka. Je, mtande wa ngozi ya mbuzi utafaa?

Mwl_Historia_Kondoa
Utafaa, mradi uikate nyembamba na uilainishe kwanza kwa mafuta.