Gesijoto: kati ya Tanzania na Zambia nani anapanda kwa kasi?

Mwalimu wa Vwawa
Wakuu habari za jioni. Naandaa mdahalo wa kidato cha tano, mada ni gesijoto, yaani hewa zinazoongeza joto la dunia, za Tanzania na Zambia. Hewa ukaa ya mafuta na makaa ya mawe imepanda mara kadhaa tangu 2000 kote kote, na kwa jumla sisi tuko juu. Sasa wanafunzi washaanza kusema Tanzania ndo mchafuzi, na chanzo ni malori ya Tunduma maana foleni ile wanaiona kila siku. Mimi roho inakataa ila hoja ya kushika sina. Nilinganishe vipi nisije nikawapotosha watoto wa watu?

Mzee wa Mwanjelwa
Mwalimu anza na idadi ya watu. Sensa ya 2022 sisi tulikuwa milioni 61.7, Zambia mwaka huohuo milioni 19.6, yaani tuko mara tatu yao, ukiweka jumla kwa jumla lazima tuonekane wakubwa. Gawa kwa kichwa, kwa mafuta na makaa hakuna hata mmoja wetu anayefika tani 1 kwa mtu kwa mwaka wakati wastani wa dunia unazidi tani 4. Na asilimia za ukuaji usizimeze hivihivi, aliyeanza na kidogo akiongeza kidogo tu asilimia inaruka.

Malori sasa. Kwenye hesabu za kimataifa mafuta ya barabarani yanaandikwa kwa nchi yalikouzwa, sio yalikochomwa. Lori likijaza tenki Uyole likavuka zake mpaka, moshi wote ule ni wetu kwenye makaratasi hata kama limeutolea kule ng'ambo. Ila dizeli inayopita bomba la TAZAMA kutoka Dar mpaka Ndola inahesabiwa Zambia maana ndiko inakouzwa. Wakilielewa hilo mdahalo utanoga.

Mama Mpunga Igurusi
Jamani mnaongea mafuta tu, misitu je? Sisi na Zambia wote tuna miombo, ile misitu ya asili ya ukanda wetu, na wote tunaimaliza, sehemu kubwa ya gesijoto zetu iko hapo. Tanzania kati ya 2002 na 2013 tulikuwa tunapoteza kama hekta 469,000 za misitu kila mwaka! Simama asubuhi barabara ya Chunya uone bodaboda zilivyofungwa magunia ya mkaa mpaka dereva haonekani, na bado mabani ya kukaushia tumbaku yanakula kuni. Takwimu isiyo na misitu mwalimu usiipeleke darasani, inauma kuona watu wanagombana na lori huku miti inaisha.

Halafu kuna methani, ambayo kwa miaka 100 inapasha joto kama mara 28 ya hewa ukaa. Ng'ombe wanaoitoa tunao wengi mno, na mpunga wetu wa Mbarali nao umo. Maji yakikaa muda wote udongo unakosa hewa, vijidudu vinatoa gesi, ndo yale mapovu yanayopanda ukikanyaga jaruba. Sisi tunaofanya kilimo shadidi tunaingiza maji, tunaacha jaruba likauke mpaka lianze kupasuka kidogo, ndo tunaingiza tena.

Kijana wa Nakonde
Mimi Mtanzania ila nafanya biashara upande wa pili wa mpaka, Zambia. Angalia na mwaka unaochukua. 2024 Zambia ilipigwa na ukame mbaya, maji ya bwawa la umeme la Kariba yakashuka, mgao wa umeme ukawa wa kutisha na watu wakahamia kwenye mkaa na jenereta. Mwaka huohuo kwetu bwawa la Nyerere kule Rufiji, la megawati 2,115, ndo likaanza kuzalisha. Ukichukua 2024 peke yake unawaonea Wazambia, chukua miaka kumi na zaidi.

Mwalimu wa Vwawa
Asanteni sana, nimepata pa kuanzia. Mama, jaruba likikaushwa hivyo mavuno hayapungui?

Mama Mpunga Igurusi
Hayapungui mwanangu, ukifuata vizuri yanaongezeka. Kazi iko kwenye magugu, maji yakitoka tu yanakuja kwa fujo, kwa hiyo upalilie mapema na upande kwa mistari ili kile kipalizi cha kusukuma kwa mkono kipite.