Nimepimwa pumzi kliniki, nikaambiwa huenda navuta sigara. Sijawahi kuvuta!

Bint_Mkunazini: Assalamu alaykum wapendwa. Nipo Leicester, Uingereza, na mimba ya miezi mitatu. Mkunga alinibanisha pumzi sekunde 15, nikapuliza kifaa taratibu mpaka pumzi ikaisha. Ikaja ppm 9, yaani sehemu 9 katika kila milioni ya pumzi. Akaniuliza kama navuta. Wallahi sijawahi, wala nyumbani hakuna mvutaji. Bado ameniandikia huduma ya kuacha sigara, na mume wangu sasa ananitazama kwa shaka. Kifaa kinaweza kukosea?

Nesi_wa_Tanga: Waalaykum salaam mdogo wangu, pole. Mkunga usimlaumu, huko wajawazito wote hupimwa na kuanzia 4 hatua huchukuliwa. Ila kifaa hakijui sigara. Kinapima kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, nayo hutoka kwenye tumbaku, mkaa, gesi isiyoungua vizuri, hata jenereta. Hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, mtoto naye akapungukiwa. Ukitoka kwenye hewa safi hupungua nusu kwa saa 4 hadi 6 hivi, kwa hiyo hiyo 9 si ya wiki iliyopita. Usiku wa kuamkia kipimo ulikuwa wapi? Kichwa kinauma?

Kombo77: Je, mlikaa na watu wa shisha? Mkaa wake hupandisha namba kuliko sigara.

Bint_Mkunazini: Shisha hapana. Kichwa kinaniuma asubuhi, nilidhani ni mimba. Tuna boila ya gesi ya zamani, ile ya kupasha maji na nyumba, kwenye kabati la chumbani. Halafu kila jioni nafukiza udi kwa vile vidonge vya mkaa, na madirisha nafunga kwa baridi.

Nesi_wa_Tanga: Dada, chetezo chenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa ni jiko la mkaa lile lile. Lakini usiutwike udi lawama zote ukaiacha boila! Sasa hivi zimeni gesi, fungueni madirisha, tokeni nje, mpige 0800 111 999, namba ya dharura ya gesi, ni bure. Kisha mpigie mkunga, mwambie habari ya kichwa, uombe kipimo cha damu. Kile kifaa cha oksijeni cha kubana kidoleni kisikutulize, kinaihesabu damu yenye sumu hii kana kwamba ina oksijeni.

FundiGesi_UK: Fundi wa boila lazima awe amesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi gesi. Kama mmepanga, mwenye nyumba anawajibika kukagua gesi kila mwaka, na tangu Oktoba 2022 chumba chenye boila lazima kiwe na king'ora cha kaboni monoksaidi. Mnacho?

Mwanamaabara: Shemeji naye apulize kifaa. Mnalala chumba kimoja, namba yake ikipanda tatizo ni nyumba. Kama bado ana shaka, kuna kipimo cha kotinini kwenye mkojo. Hiyo hutokana na nikotini, mkaa hauileti. Na kama maziwa huwa yanakuvuruga tumbo mwambie mkunga, haidrojeni ya tumboni huweza kukidanganya kifaa.

Bint_Mkunazini: King'ora hakuna. Tumezima kila kitu, tuko kwa jirani, wa gesi wako njiani. Mume kakubali kupuliza kesho. Na udi, niache kabisa?

Nesi_wa_Tanga: Makaa yasiwake tena ndani, hata dirisha likiwa wazi. Chetezo cha umeme hakina makaa, lakini moshi wa udi nao upunguze mpaka ujifungue. Tuandikie fundi akishaangalia boila.